Tableti kwenye safari ya pikipiki na kulala hemani

Msafiri: Wakuu nataka kubeba tableti safari ya pikipiki, nalala kwenye hema, kazi yake ramani na kusoma usiku. Niifunge kwenye usukani au ikae begini?

Mzeewagia: Begini mkuu, tena katikati ya nguo. Mtetemo wa injini unaweza kuua kamera, Apple walitahadharisha 2021 kuhusu iPhone, halafu juani skrini huoni kitu.

Nyikani: Kama hujanunua cheki GPS kwanza, iPad ya Wi-Fi tu haina, inayokaa laini ndo inayo. Na ramani pakua kabla hujaondoka, porini mtandao hamna.

Mzeewagia: Chaji kwa pawabenki usiku, ukiinyonya betri ya pikipiki injini ikiwa imezimwa, asubuhi utasukuma. Pawabenki yenyewe unaijaza ukiwa barabarani.

Msafiri: Shukrani wakuu, na mvua je?