Kauliza pampu ya kisima, kalala mahabusu siku mbili. Halafu mnasema Katiba mpya si kipaumbele?

Wakuu, leo salamu baadaye.

Wiki iliyopita mkuu wa wilaya yetu kaja kwenye mkutano wa hadhara. Jirani yangu, mtu mzima mwenye watoto wanne, kasimama na risiti yake mkononi. Elfu ishirini alizochangia kisima. Kavua kofia, kauliza kwa adabu zote: mheshimiwa, pampu iko wapi? Mheshimiwa hata hakumwangalia. Kageukia polisi: "Huyu mweke ndani."

Siku mbili tunapeleka chai na chapati kituoni, mkewe kafunga genge lake la mboga. Katolewa hivi hivi. Hakuna shtaka, hakuna hakimu, hakuna samahani.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 ndiyo inayowapa hawa mabwana ubavu wa kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48, pale amani inapotishiwa. Sasa risiti ya elfu ishirini inatishia amani ya nani?

Nikachukua Katiba yetu ya Tanzania. Ibara ya 8: wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Haya, msingi ni mimi. Huyu mkuu wa wilaya (DC) namtoaje? Simtoi. Kateuliwa na Rais. Aliye juu yake, mkuu wa mkoa (RC), kateuliwa na Rais. Niende kwa mbunge? Wetu ni naibu waziri, naye kateuliwa na huyo huyo, sasa aibane serikali aliyomo na yeye? Na Bunge zima likijitutumua likakataa bajeti, ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja. Kote unakopiga hodi, anayefungua ni mtu wa mtu mmoja. (Simsemi aliyepo wala aliyepita. Hata akikaa malaika pale, nafasi ni hiyo hiyo.)

Kinachoniuma zaidi, dawa ilishaandikwa! Tume ya Jaji Warioba, ile ya Mabadiliko ya Katiba, ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni yetu. Rasimu yake ya Katiba mpya ikasema waziri asiwe mbunge. Ikasema wapiga kura tuweze kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano. Ikaenda Dodoma 2014 kwenye Bunge Maalum, watu wanalipwa laki tatu kwa siku, na bado wengine wakalalamika haitoshi! Walipomaliza, hayo mawili yameng'olewa. Kura ya maoni tukaambiwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na hadi leo tumebaki na ile ya 1977.

Wakenya tunawacheka kwa kelele zao, lakini gavana wao wanampigia kura. Na 1 Septemba 2017 Mahakama yao ya Juu ilifuta matokeo ya urais, Rais akiwa madarakani. Kwetu, ibara ya 41(7) inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mshindi wa urais, hakuna mahakama ya kuchunguza. Basi.

Wanasheria wa humu, naomba msaada wa kweli: huyu jirani anaweza kufungua kesi ya kushikiliwa bila kosa? Aanzie wapi, na gharama yake ikoje? Mkewe ananiuliza kila jioni nikienda kununua mchicha.

Na nyie wa "katiba hailiwi", mkalale kwanza siku mbili kwenye ile sakafu ndipo mje kuchangia.