Eti "mama nenda kapake losheni kwanza"! Wa Kilolo njooni, yule kijana wa kishikwambi sasa amevuka mpaka

Mwana wa Bimkubwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo sisalimii mtu. Nikianza salamu hasira itapoa, na mimi sitaki ipoe.

Nimetoka sasa hivi pale ghalani, vumbi bado liko kwenye kope. Wa Kilolo wote mnamjua ninayemsema, yule afisa wa mradi wa pembejeo za mkopo. Yule wa kizibao cha kijani na buti za raba ambazo tangu zinunuliwe hazijaonja tope. Yule ambaye pikipiki yake ina stika nyingi kuliko kijiji kina miti. Simtaji jina, maana hata mbuzi wa pale kijijini wakimwona wanajua leo mtandao utasumbua.

Leo ilikuwa siku ya kugawa mbegu na mbolea za mkopo za ule mradi wao. Utaratibu ni hivi: unafika, unaweka kidole kwenye kale kamashine, kishikwambi kinalia ti!, jina lako linatokea pamoja na ekari zako, unapewa DAP yako (mbolea ya kupandia) na mbegu unaondoka. Kidole kisiposoma, wewe haupo. Mwenyekiti wa kitongoji asimame pale aape kwamba anakujua, mlicheza pamoja utotoni, bado haupo.

Bimkubwa zamu yake ikafika. Kidole gumba, kimya. Cha shahada, kimya. Mkono wa kushoto, kimya. Akafuta kwa kanga, akapuliza, akarudia vyote kumi. Kimya. Yule kijana akashusha pumzi, akaigeukia foleni nzima, akasema kwa sauti ya kutangaza msiba: "Mama, vidole vyako vimekwisha. Nenda kapake losheni kwanza, ukilainika urudi."

UKILAINIKA URUDI!

Mama yangu mzazi! Mwanamke aliyeshika jembe la mkono kabla baba yake huyo kijana hajabalehe! Na watu wakacheka. Hata yule mzee wa kanisani alicheka, nimemwona. Hizo alama anazozitafuta huyu bwana ziko shambani. Achukue kishikwambi chake aende akaukague mpini wa jembe la bimkubwa, atazikuta zote kumi zimejipanga zinamsubiri.

Sasa sikilizeni aliyemfuatia. Yule jamaa wa saluni ya pale stendi. Jembe mara ya mwisho alilishika shule ya msingi, tena kwa adhabu. Vidole laini, vinanukia mafuta ya nywele. Kidole kikasoma kabla hakijagusa. Ti! Ekari tatu. Akabeba mifuko yake, na saa hizi nadhani iko sokoni Ilula inatafutiwa mteja.

Foleni ilipoanza kununa, kijana akajifanya kumtafuta mama kwa namba ya simu. Mkulima aliyetokea ni baba mdogo! Kisa ni kilekile. Januari 2020 wakati wanazima laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole, vidole vya mama viligoma, laini ikasajiliwa kwa kitambulisho cha baba mdogo. Mradi ulipokuja ukafuata jina la laini, na kwa kuwa mtandao wa nyumbani ni dhaifu, aliyepigiwa ni baba mdogo, akaandikisha namba yake mwenyewe. Kwa hiyo kwenye mfumo shamba ni la baba mdogo, mtu anayeuza mitumba Karume, Dar es Salaam. Ushauri wote wa kilimo unaingia kwake. "Ndugu mkulima, muda wa kuweka mbolea ya kukuzia umewadia." Anausoma akiwa amekaa juu ya robota la suruali.

Na hata hilo shamba wamelipima kwa maajabu. Walikuja wakalizunguka na kishikwambi kinaongea na setilaiti. Mama anachanganya: mahindi, maharage katikati ya mistari, maboga pembeni, parachichi mpakani. Kwenye mfumo kuna nafasi ya zao moja. Kijana akabonyeza mahindi, akapanda pikipiki. Maharage yanayoirudishia ardhi rutuba na kumnunulia mjukuu sare yakafutwa duniani kwa kidole kimoja. Kidole chake yeye, kinachosoma.

Yote hayo ningemeza. Lakini losheni? Mbele ya foleni? Mbele ya wakwe? Kanga imejaa udongo, mtu kaamka na jogoo, halafu mtoto wa juzi anamwambia ukilainika urudi?

Mods, mkihamishia uzi huu jukwaa la vichekesho nitaandika mwingine.

---

Kiazi Mviringo

Nimewahi siti ya mbele.

Paka Shume wa Ipogolo

Pole kwa bimkubwa. Swali dogo tu mkuu: wakati mama anaambiwa hayo, wewe ulikuwa unafanya nini?

Mwana wa Bimkubwa

Nilikuwa nyuma nimeshika toroli.

Paka Shume wa Ipogolo

Toroli ingekimbilia wapi mkuu? Ungeiachia.

Kiazi Mviringo

Kwa hiyo mzozo ukiwa mbele ya ghala wewe ni waziri wa uchukuzi 😂😂

Bwana Shamba Mstaafu

Mwanangu, pole. Tatizo hilo linajulikana. Vile vimistari vya kidole vikisuguliwa miaka na mpini, na ngozi ikakauka kwa umri, mashine haina cha kushika. Wajenzi wanalo, wapasua kokoto wanalo, wazee wanalo. Ndiyo maana mfumo wowote wa kidole lazima uwe na mlango wa pili: namba, picha, au shahidi wa kijiji. Ruzuku ya mbolea ya serikali ilipozinduliwa Nane Nane Mbeya 2022, mkulima alisajiliwa akapewa namba yake. Namba haichubuki. Aliyeujenga mfumo wa huo mradi alikaa ofisini akauweka na kidole chake mwenyewe kwenye majaribio, kikasoma, akafurahi. Huyo kijana kabebeshwa tu mzigo.

Ila kitaalamu, ngozi kavu ikipakwa mafuta kidogo kweli huwa inasoma.

Mwana wa Bimkubwa

Shikamoo mzee wangu. Nilikuwa nakufuata vizuri kabisa mpaka hapo mwisho. Na WEWE unasema LOSHENI?

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba. Nimesema mafuta.

Dada wa Pembejeo

Gliserini ndiyo kiboko. Ninayo, chupa elfu mbili, Iringa mjini nakuletea hadi stendi. Kwa wakulima wa kundi natoa bei ya jumla.

Mwana wa Bimkubwa

Hivi huu ni uzi au gulio?

Mwanasheria Uchwara

Nyote mmekimbilia kwenye kidole, jambo zito mmeliruka. Hao watu wana alama za vidole za kijiji kizima, ramani za mashamba, namba za simu na madeni ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Mama ana haki ya kuuliza taarifa zake ziko wapi, na ana haki ya kudai zirekebishwe shamba lirudi kwenye jina lake. Halafu hilo shamba kusoma jina la shemeji si mchezo. Kesho shemeji akipata shida atalichukulia mkopo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, sasa kishikwambi kimempokonya bila hata baraza kukaa. Akate hati ya kimila haraka.

Paka Shume wa Ipogolo

Mwanasheria leo umeongea bila kuomba hela ya nauli, tunashukuru.

Mbena wa Kijiweni

Kamwene wakuu. Mimi nina programu ya simu ya kupiga picha jani ikwambie ugonjwa. Mahindi yangu yalivamiwa na wale viwavijeshi vamizi waliotuingilia 2017, mdudu mwenyewe amekaa katikati ya jani ananitazama. Nikapiga picha. Ikajibu muhogo wangu una batobato. Sina muhogo. Ukoo mzima hatuna muhogo.

Kiazi Mviringo

Labda ilimwona mpiga picha.

Newala Moja

Watu wa mahindi mnapenda kulia. Sisi wa korosho tangu Oktoba 2024 mnada unakwenda kwa mtandao, kupitia TMX, lile soko la bidhaa la Tanzania. Mnada wa kwanza bei ikavuka 4,000 kwa kilo. Mnunuzi anabonyeza akiwa kokote, bei inaonekana kwenye skrini, mkulima anaiona palepale. Teknolojia si adui, mnakosa tu zao la maana.

Mbena wa Kijiweni

Baada ya makato ikabaki shilingi ngapi? Skrini inaonyesha na makato?

Newala Moja

Usitutoe kwenye mada.

Mwana wa Bimkubwa

Mada ni yangu, na mada ni LOSHENI.

Jirani wa Kitale

Poleni sana ndugu zetu. Huku Kenya hatuna shida ya kidole. Umejiandikisha, SMS inakuja, unalipa shilingi 2,500 za Kenya kwa gunia la mbolea la kilo 50, unaenda kuchukua. Mtandao safi. Halafu 2024 ikagundulika mifuko mingine ndani haikuwa mbolea. Mimi yangu niliimwaga chini nikaona kokoto ndogo na vumbi. SMS ilikuwa imesema ni mbolea, hata ikanishukuru. Mahindi ndiyo yalikataa.

Paka Shume wa Ipogolo

Mkenya huwa hakubali kushindwa hata kwa matatizo.

Jirani wa Kitale

Bunge lilijaribu kumtoa waziri wa kilimo, akapona. Nyinyi mmepelekwa bungeni kwa losheni?

Kiazi Mviringo

😂😂😂 Mwanzisha uzi jibu.

Binti Mngoni

Mnacheka lakini mwenzenu ameeleza kitu. Kwetu Namtumbo kikundi chetu kina akina mama watupu, na simu janja iko moja, ya mwenyekiti, tena ya mumewe. Mafunzo yanatumwa kwa video. Tunasubiri mume arudi kutoka pombeni ndipo tujue nafasi ya kupandia soya. Juzi karudi simu haina chaji.

Mwana wa Bimkubwa

Ahsante dada. Sasa fikiria hao akina mama wote wanaambiwa mbele ya waume zao, "ukilainika urudi".

Kiazi Mviringo

Mkuu hilo neno limekuganda. Paka losheni lilainike.

Mzee wa Lumbesa

Mnaongelea vidole wakati viazi vyetu vinaibwa mchana kweupe. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Dalali anakuja na gunia limeshonewa kofia, juu ya kofia kilemba, analiita gunia moja. Hapo ndipo ningetaka kishikwambi. Hapo ndipo ningetaka hizo ndege nyuki, droni, ziruke. Lakini teknolojia ikifika kwenye mzani inapatwa na kigugumizi.

Mbena wa Kijiweni

Hapo sasa! Hili ndilo lilitakiwa kuwa mada.

Newala Moja

Wekeni viazi kwenye mnada wa mtandao.

Mzee wa Lumbesa

Viazi vinaoza wewe. Korosho yako hata ukiisahau ghalani miezi sita inakusubiri. Viazi vikikaa wiki mbili juani vinakuwa kijani, dalali anakununulia kwa huruma.

Bwana Shamba Mstaafu

Kiazi kikishakuwa kijani msile. Kina sumu.

Mwana wa Bimkubwa

Wakuu, turudi kidogo. Bimkubwa amekataa kurudi pale ghalani. Amesema atapanda ile mbegu yake ya zamani aliyoitundika jikoni moshini, haiulizi kidole.

Mzee wa Lumbesa

Iringa kofia ya gunia inafika debe ngapi siku hizi? Njombe mbili na kitu.

Mbena wa Kijiweni

Sisi tumepitisha debe mbili, na bado wanalisindilia kwa mguu.

Fundi Makambako

Samahani wakuu kwa kuingilia. Nauza pawatila, ipo Makambako, haijalima sana.

Kiazi Mviringo

Bei?

Fundi Makambako

Nicheki PM.

Paka Shume wa Ipogolo

Weka bei hadharani, sisi si maharusi tuitane chemba.

Binti Mngoni

Ina tela?

Fundi Makambako

Tela ipo. Tairi moja tu ndiyo ina viraka.