Pesa ya mahitaji maalum imeingia shuleni: ijenge chumba cha peke yao au iwafuate watoto darasani?

Mama Kano (Ahero, Kisumu)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa wa walimu na wazazi wenye watoto wenye ulemavu.

Binti yangu yuko gredi ya 5 katika shule ya kutwa ya serikali huku tambarare za Kano. Ana mtindio wa ubongo. Kichwa chake ni chepesi, hesabu anawapita wengi, ila mkono wa kulia ni mzito na hutembea kwa fremu ya magurudumu. Shule hii ilimpokea baada ya nyingine kumkataa, kwa hiyo sitaki kuipaka matope. Mwalimu wake wa hesabu humwacha ajibu kwa mdomo mkono ukichoka, na wenzake humwekea nafasi karibu na mlango.

Shida inaanzia nje ya mlango huo. Mnaoijua Kano mnaujua udongo wetu mweusi mvua ikinyesha. Kutoka darasani hadi chooni, udongo hujiviringisha kwenye magurudumu mpaka fremu haisogei, na choo chenyewe kina ngazi mbili na mlango mwembamba. Majuzi nimegundua asubuhi hanywi chai wala maji. Nilipomuuliza akasema, "Nikinywa nitataka kwenda." Mtoto wa miaka 11 anashinda na kiu mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Sasa nyongeza ya serikali kwa wanafunzi wenye mahitaji maalum imeingia, nami ni mmoja wa wawakilishi wa wazazi kwenye bodi. Pendekezo lililoletwa ni kujenga chumba nyuma ya jiko, watoto wote wenye ulemavu wawekwe humo na mwalimu mmoja: wangu, wawili wenye uoni hafifu, mmoja asiyesikia, na wengine wanaochelewa kushika masomo. Wanasema hivyo pesa itaonekana imefanya kazi. Moyo wangu unakataa, lakini sijui nisimame niseme nini. Kikao ni wiki ijayo.

Mwalimu wa Rongai (Nakuru)

Mama, pole, na hongera kwa kukaa kwenye hiyo bodi. Nafundisha watoto wenye mahitaji maalum ndani ya shule ya kawaida, nami nasema bila kusita: chumba hicho kisijengwe.

Asiyesikia anahitaji mwalimu anayejua Lugha ya Ishara na watu wa kuzungumza naye kwa ishara. Wenye uoni hafifu wanahitaji maandishi makubwa, viti vya mbele, na ubao usiong'aa jua likipiga dirishani. Binti yako anahitaji njia na choo. Niambie, nani kati yao anahitaji kuhamishiwa nyuma ya jiko? Mwalimu mmoja mbele ya gredi tofauti na ulemavu tofauti ataishia kuwalinda tu, na mtoto anayewapita wengi kwa hesabu ataanza kurudi nyuma.

Kikaoni usianze na moyo wako, anza na karatasi. Je, kila mtoto amepimwa katika kituo cha tathmini ya elimu, yaani EARC? Vituo hivi vipo tangu 1984, na kazi yao ni kumpima mtoto na kupendekeza asaidiwe vipi na asomee wapi. Kutokana na ripoti hiyo, shule humwandalia kila mtoto mpango wake wa kujifunza: anakwama wapi, anahitaji nini, nani atafanya, lini tutaangalia tena. Pesa ifuate mpango. Pasipo mpango, mwenye sauti kubwa kikaoni ndiye anayeamua.

Tena Katiba, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii, kadiri inavyolingana na maslahi yake. Maslahi yake, si urahisi wa ratiba ya shule.

Baba Viziwi (Kakamega)

Nakuunga mkono, mwalimu. Mwanangu hasikii, yuko sekondari. Mgao wa kawaida wa sekondari ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na mwenye ulemavu huongezewa 35,730. Nilipoijua hesabu hiyo niliandika barua ya heshima kwa shule alikokuwa kwanza, nikaomba kuonyeshwa nyongeza yake imetumikaje. Nilijibiwa imeingia kwenye matumizi ya jumla. Rangi ya ukuta na mafuta ya basi, na mtoto wangu hana mkalimani hata somo moja! Nilipeleka suala kwa afisa wa elimu, na likashughulikiwa. Mama, uliza kwa maandishi. Neno la mdomo husahaulika.

Nyota ya Winam (Kisumu)

Naomba nipinge kidogo, kwa upendo. Wangu pia ana mtindio wa ubongo, na nilimtoa shule ya kawaida. Huko maalum kuna mazoezi ya viungo, kuna akina mama wa bweni, na hakuna anayemshangaa akimwaga chakula. Hapa mjini tuna shule maalum ya Joyland, tena ya siku nyingi. Kwa nini mtoto ateseke na matope wakati watu wamekwisha kuandaa mahali? Si kila mtoto anafaidika kuchanganywa.

Mama Kano

Dada, nakushukuru, na siwezi kusema ulikosea kwa mtoto wako. Wangu anaoga mwenyewe, anakula mwenyewe, na binamu yake wako darasa moja. Nilimuuliza kuhusu bweni akalia usiku mzima. Kinachomshinda ni choo. Nimpeleke bweni kwa sababu ya choo?

Mkuu Mstaafu (Vihiga)

Nimeongoza shule za msingi miaka mingi, kwa hiyo nitasema upande wa hesabu.

Mgao wa kawaida wa msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Hautoshi, na mwalimu mkuu mwenye madeni ya chaki huiona nyongeza kama mvua ya kiangazi. Ni shinikizo, si roho mbaya, kwa hiyo zungumza naye faragha kabla ya kikao. Mwambie hivi: ujenzi wa madarasa una mifuko yake, wa miundombinu na ule wa maendeleo ya eneo bunge, NG-CDF. Pesa iliyokuja kwa ajili ya watoto hawa ikimwagwa kwenye kuta, mkaguzi atauliza. Mfuko wa eneo bunge uombwe darasa, nyongeza ibaki kwa watoto.

Pili, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka bodi iwe na mtu wa kuwakilisha wenye mahitaji maalum. Kwenu ni nani? Kama kiti kiko wazi, kijazwe kwanza.

Tatu, usiibebeshe shule kila kitu. Fremu yenye magurudumu mapana iombe kupitia ofisi ya kaunti ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, mtoto akiwa amesajiliwa. Msaidizi wa kumsindikiza akihitajika, ataajiriwa na bodi, kwani TSC, tume ya walimu, huajiri walimu tu. Na familia inayopokea zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, msaada wa serikali, kila mwezi, shule isizitolee macho. Hizo ni za nyumbani.

Fundi wa Kondele (Kisumu)

Kuhusu njia. Kano usimwage changarawe juu ya udongo mweusi, itazama msimu mmoja. Chimbua ule mweusi kwanza, jaza mawe, shindilia, ndipo changarawe juu, na mfereji pembeni. Upana uwe mita moja na nusu. Penye ngazi, kila sentimita moja ya kupanda inataka 12 za urefu, kwa hiyo ngazi mbili za sentimita 30 kwa jumla zinataka mteremko wa mita 3.6. Mlango wa choo usipungue sentimita 90, ufunguke kwa nje, na ndani kuwe na vyuma vya kushikilia. Wazazi wakichimba wenyewe, gharama inashuka sana.

Mwalimu wa Rongai (Nakuru)

Jambo moja lisisahaulike: mwakani ni gredi ya 6, mwaka wa mtihani. Mkono wake ni mzito, kwa hiyo shule imwombee muda wa ziada kwa KNEC, baraza la mitihani, ambao ni dakika 30. Huombwa mapema, na ripoti ya tathmini ikiwa mkononi.

Mama Kano

Asanteni sana, nimeandika yote. Jumatatu naenda kituo cha tathmini, na nimewaomba wazazi wa wale wenye uoni hafifu twende pamoja. Jumanne nitamwona mwalimu mkuu, na mpango wa kwanza nitakaompa ni njia na choo, kisha vitabu vya maandishi makubwa. Mtoto asiyesikia bado ananiumiza kichwa. Baba Viziwi, kwa umri wa gredi ya 2 ungemwombea nini kwanza? Na ile barua yako, tafadhali nitumie nakala faraghani.