Naomba ushauri: galiamu-68 haishiki vizuri kwenye PSMA-11

Wakuu, habari za kazi, na shikamooni mlionitangulia kwenye fani hii.

Niko maabara ya dawa zenye mionzi, najifunza kuunganisha galiamu-68 (metali yenye mionzi) na PSMA-11 (molekuli inayonasa kwenye seli za saratani ya tezi dume) kwa ajili ya picha za PET, yaani skani inayofuata mionzi mwilini. Galiamu tunaikamua kwenye jenereta, yaani kifaa ambamo jemaniamu-68 inaoza na kuwa galiamu-68, kwa asidi hafifu ya haidrokloriki. Shida ni kwamba usafi wa dawa (sehemu ya mionzi iliyoshikana na PSMA-11) unagoma chini ya asilimia 95, na hapo hadungwi mtu. Siku nyingine inapita bila tatizo. Inakataa hasa Jumatatu, jenereta ikiwa imelala wikendi nzima.

Kwenye kromatografia (kipimo cha kutenganisha kwa ukanda ambao kimiminika hupanda juu yake), nikitumia amonia asetati na methanoli, mionzi mingi inabaki pale pale nilipodondoshea tone, haipandi. pH nimepima, iko karibu 4. Nimebadilisha bafa (myeyusho wa kutuliza pH) na vichupa, joto ni nyuzi 95 kwa dakika 10 kama kawaida. Wapi! Na galiamu yenyewe haina subira, kila dakika 68 nusu imeshakwenda, kwa hiyo kurudia siku hiyo hiyo ni anasa.

Je, zinki inayotokana na galiamu kuoza inaweza kurundikana hadi ikaipokonya galiamu nafasi kwenye PSMA? Nikikamua Jumapili jioni bila kuitumia, ndipo nikamue tena Jumatatu asubuhi, itasaidia?

La pili, hiyo mionzi inayobaki chini mnatofautishaje kama ni koloidi (chembe ndogo za galiamu zisizoyeyuka) au galiamu huru? Kimiminika gani kinatenganisha vizuri?

Natanguliza shukrani.