Naomba ushauri: kuweka LED kwenye taa za pakingi

Habari zenu wakuu. Nataka kuondoa balbu za kawaida kwenye taa ndogo za mbele, zile za pakingi, niweke LED, na kazi nataka kuifanya mwenyewe nyumbani. Zilizomo ni W5W, zile za kioo zisizo na kitako cha chuma, volti 12 wati 5. Holda iko nyuma ya taa. Ukiizungusha kidogo inatoka, kisha balbu unaivuta tu.

Nimejaribu upande mmoja. Mwanzoni LED haikuwaka. Nikaichomoa, nikaigeuza, ikawaka, maana LED ina chanya na hasi. Mwanga wake ni mweupe, safi kabisa. Shida ni kwamba dashibodi inaniambia taa imeungua, na nikizima swichi LED inabaki na mwanga hafifu kama kaa linalofifia. Nadhani gari linapima umeme unaopita, na LED inakula kidogo mno.

Waliopitia hili, mlifanyaje? Kuna LED zenye rizista ndani yake, yaani kifaa kidogo kinachokula umeme zaidi ili gari lione kama kuna balbu ya kawaida, na kuna rizista za kufunga kwenye waya. Hizi za waya zinanitia wasiwasi kwa sababu ya joto: kule ndani kumejaa plastiki na nyaya, na taa za pakingi zinaweza kuwaka usiku kucha. Mlizifunga wapi? Au LED yenye rizista ndani inatosha kuzima ile alama ya dashibodi? Sitaki kukata waya wowote wa gari kabla sijasikia kutoka kwenu.