Naomba ushauri: darubini ya mzee kwa safari ya boti, Misali hadi Njao

Binti_Wesha
Assalaam alaykum wanajamvi. Nina jambo linaninyima usingizi na siku zinakimbia. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi, Inshallah, sisi watoto tunamtoa baba kwa safari ya boti. Tunaondoka Wesha, Pemba, tunapita kisiwa cha Misali, tunatoka mpaka kwenye maji meusi ya Mkondo wa Pemba kutafuta nyangumi na pomboo, halafu tunapanda visiwa vya Fundo na Njao kuangalia ndege. Tunalala huko huko.

Nataka kumnunulia darubini. Dukani mjini nimeonyeshwa tatu: moja imeandikwa 20x50, moja 8x42, na moja ndogo ya mfukoni 10x25. Muuzaji anasema 20x50 ndiyo yenye nguvu, nyangumi utamwona mpaka mikunjo ya ngozi yake. Bajeti ni laki tatu, tukibana sana tatu na nusu. Nichukue ipi? Na tafadhali msinambie nitumie kamera ya simu, baba na simu haviivi.

Kombo_Nahodha
Waalaykum salaam. Ishirini ndani ya boti? Hapana, dada. Nimepeleka wageni pomboo Kizimkazi misimu mingi, na kila anayekuja na darubini ya namba kubwa humaliza siku anaangalia kwa macho yake matupu, darubini inaning'inia kifuani. Boti haitulii hata bahari ikiwa shwari. Melini hutumia 7x50, na hao wanaishi majini. Chukua saba, ukikosa chukua nane.

FundiLenzi
Nahodha amesema kweli, ngoja nieleze kwa nini. Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinasogezwa karibu. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukisogeza mara ishirini, na kila mtetemeko wa mkono na wa injini unakuzwa mara ishirini. Mtu mzima asiye na kitegemeo (tripodi) cha kuiegemeza huwa anaishia kwenye kumi, na hiyo ni nchi kavu.

Halafu gawa ya pili kwa ya kwanza. 50 kwa 20 ni 2.5. 42 kwa 8 ni zaidi kidogo ya 5. 50 kwa 7 ni 7 na ushee. Huo ndio upana, kwa milimita, wa mwanga unaotoka nyuma kuingia kwenye mboni. Boti ikiyumba, tundu la milimita mbili na nusu jicho linalikosa kila mara, unaona kiza tu. La tano linakusamehe. Ile 10x25 nayo ni 2.5, kwa hiyo iache.

Jambo jingine: namba ikipanda, eneo unaloona linapungua. Nyangumi akipuliza maji una sekunde chache za kumtafuta. Kwa ishirini utakuwa unatafuta bahari nzima kwa tundu la sindano.

Sasa niambie: mzee ana umri gani? Anavaa miwani? Mikono ina nguvu? 7x50 nyingi zinakaribia kilo moja.

Mama_Tangawizi
Mie sijui darubini lakini najua bahari. Mtu asiyezoea akikodoa kwenye kioo huku boti inapanda na kushuka, kichefuchefu hakina muda. Mume wangu tulikwenda naye Tumbatu kwenye harusi, akaazima darubini ya mpiga picha, tulimteremsha kwa kumshika makwapa. Chemsheni tangawizi, mwekeeni kwenye chupa, na asubuhi ale kitu kikavu. Safari nyingine hupita vizuri kwa muhogo wa kuchoma tu.

Binti_Wesha
Ahsanteni. Baba kavuka sabini. Miwani ni ya kusomea tu. Mikono ipo, alikuwa mvuvi, na bahari haimsumbui, Mama Tangawizi, kalala dago, kambi ya wavuvi, Misali tangu mimi sijazaliwa. Macho yake ni ya utu uzima tu. Lakini FundiLenzi, mbona 20x50 vioo vyake vinang'aa vyekundu vizuri? Muuzaji anasema ile rangi inazuia mwanga mkali wa bahari. Na ni kubwa, inajaa mkononi.

FundiLenzi
Wekundu ule wa kung'aa kama kioo cha gari mara nyingi ni pambo. Mwanga uliorudishwa ni mwanga ambao haukufika jichoni. Kioo kizuri ukikitazama kwa mbele kinaonyesha rangi hafifu, kijani au zambarau, na ndani unaona kama kuna kina cheusi.

Na "macho ya utu uzima" si jibu, dada. Utu uzima wa aina gani?

PopoWaKidike
Mnabishana nyangumi tu, na ndege je? Akifika Njao msikae majini. Shukeni msitu wa Ngezi, yuko ninga wa Pemba, yuko chozi wa Pemba, hao hawapatikani popote duniani ila kisiwani kwetu. Na popo wetu wakubwa wa Kidike vilevile, mchana wamening'inia mtini kwa mamia. Kwa msituni 8x42 ndiyo hasa, kwa sababu ndani ya miti mwanga ni mdogo. Tena angalia inalenga karibu kiasi gani. Nyingine kitu kikiwa mita tano hakionekani sawasawa. Na Misali msisahau kasa, kuna wa kijani na ng'amba, wote wawili hutaga pale.

AbuSalha
Ndugu yangu, laki tatu ya kuangalia samaki? Baba wa miaka sabini anahitaji watoto wakae naye, wamsomee, wampeleke kwa ndugu zake. Hivyo vioo vitapata kutu. Vijana wa siku hizi mnapenda vitu.

Binti_Wesha
AbuSalha, tunakaa naye. Yeye ndiye aliyesema anataka kuuona Mkondo tena kabla hajafa, hatukumbunia.

Kombo_Nahodha
Binti, Fundi amekuuliza mara mbili. Mjibu.

Binti_Wesha
Haya. Jicho la kushoto halioni. Ni presha ya macho, ilikula pole pole mpaka likazima kabisa. La kulia alifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, linaona mbali vizuri, alhamdulillah, anaitambua ngalawa ya mtu kwa tanga lake.

Na niseme yote. Arbuni nimeshatoa, elfu themanini, kwa ile 20x50. Nilifikiri jicho likiwa moja basi nguvu iwe mara mbili. Muuzaji hakuniambia vingine na mimi sikumweleza hali ya mzee.

Kombo_Nahodha
Ungesema hivyo mwanzo tusingejaza ukurasa. Zipo darubini za jicho moja, bomba fupi, 8x42 hiyohiyo ila nusu ya uzito, inaingia mfukoni. Mzee wa jicho moja macho mawili ya nini?

Binti_Wesha
Hiyo sitaki, na naomba mnielewe. Baba ndiye aliyekuwa macho ya chombo. Buabua, wale ndege wa baharini, wakianza kujitupa majini yeye ndiye aliyesema chini yake kuna jodari au kuna vibua tu, na nahodha aligeuza usukani kwa neno lake. Jicho lilipozima vijana wakaacha kumuuliza. Hakuna aliyemkosea adabu, waliacha tu. Nikimpa kibomba cha jicho moja mbele ya wajukuu nitakuwa nimempa ugonjwa wake aushike mkononi. Nataka ashike kitu kamili, kama cha nahodha wa meli. Ndiyo maana hata ile kubwa ilinivutia.

Shaka_Hodari
Samahanini, mimi sitalia bado. Huu uzi una harufu. Kwanza baba ni mtu wa kawaida na miwani ya kusomea. Tukiuliza sana, anakuwa kipofu wa jicho moja. Tukiuliza tena, ana historia ya kutoa machozi. Familia gani ya Wesha inalala kwenye boti siku kadhaa kutazama ndege? Hizo ni safari za wageni na bei yake ni ya dola. Na nyangumi Pemba? Nimezaliwa Mtambile, sijamwona hata mmoja. Subirini, sasa hivi itashushwa namba ya simu ya kuchangia, au tangazo la kampuni ya boti.

JirekebisheKwanza
Hata mimi nilianza kuhisi. "Maji meusi ya Mkondo", nani anaandika hivyo?

Kombo_Nahodha
Shaka, la nyangumi unakosea. Nyangumi wa nundu wanatoka bahari ya baridi huko Antaktika, wanapanda pwani yetu kuzaa na kulea, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi na mmoja hivi. Watu wengi hawawaoni kwa sababu ndio wakati wa kusi na hakuna anayesimama kutazama bahari, kila mtu anafunga chombo chake. Mwanzo wa mwezi wa kumi kusi inalegea, maleleji, majira ya upepo hafifu, yanakaribia. Aliyepanga safari hiyo anaijua bahari. Na Mkondo unashuka mamia ya mita karibu tu na Misali, ndiyo maana maji yale ni meusi. Sisi tunaoyapita tunayaita hivyo.

Binti_Wesha
Boti ni ya mtoto wa ammi yangu. Anachukua wageni msimu wote, kati ya kundi na kundi ana siku za wazi, ametupa hizo. Sisi tunatia mafuta na chakula. Sijaomba shilingi ya mtu na sina namba ya kuweka. La jicho sikulisema kwa sababu ni la baba, si langu, na humu kuna watu wa kwetu wanaotujua. Mkiona nimetunga, basi nijibuni kana kwamba nimetunga, darubini ni ileile.

Mama_Tangawizi
Mwanangu, huna haja ya kuapa. Hata kama ni hadithi mie nimeshajua kwa nini darubini ya shemeji yangu haioneshi kitu.

Shaka_Hodari
Nimesikia. Namba ikionekana nitarudi.

FundiLenzi
Mimi nimefurahi sana kwa ulichokisema, kwa sababu hapa hisia yako na ufundi vinakubaliana. Kombo, lile bomba ni jepesi, lakini wepesi ndio ubaya wake botini: linashikwa kwa mkono mmoja na linacheza. Ya macho mawili inashikwa kwa mikono miwili, viwiko vinabanwa kifuani, mgongo unaegemezwa kwenye ubao. Kwa jicho moja inatulia kuliko bomba. Basi mchukulieni ya macho mawili bila kusita, na iwe 8x42. 7x50 ingekuwa bora kwa mwanga, ila uzito ule kwa shingo ya mzee siku nzima ni adhabu. Tena nyingi za melini hulengwa kila jicho peke yake.

Namna ya kuiweka: darubini za kawaida zina gurudumu la kati linalolenga pande zote mbili, na pete ndogo, mara nyingi kwenye kioo cha jicho la kulia, ya kusawazisha tofauti ya macho. Pete hiyo iacheni kwenye sufuri, mkiweza igandisheni kwa utepe, atumie gurudumu la kati tu. Upande wa kushoto anaweza kuuacha wazi au kuufunika, haidhuru. Miwani ya kusomea avue. Vile vikombe vya mpira vya jichoni vivutwe vitokeze nje.

Dukani hakikisha imeandikwa kuwa haiingii maji na ndani imejazwa naitrojeni. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huotesha ukungu kwenye vioo visivyozibwa. Jioni ipangusweni kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi, kabla ya kugusa kioo kwa kitambaa kikavu. Zipo zenye mashine ya kutuliza mtikisiko, Canon wanatengeneza, zinatumia betri, lakini bei yake inaiacha laki tatu mbali sana.

Na sasa lililo kubwa kuliko yote haya. Jua. Darubini ikipita juani hata kwa nukta, inakusanya mwanga wote jichoni na inaweza kuunguza. Mwenye macho mawili akiunguza moja amebaki na moja. Baba hana la akiba. Mtu mmoja akae naye, kazi yake iwe hiyo tu.

PopoWaKidike
Hilo la jua sikuwa nimelifikiria. Ahsante Fundi.

Binti_Wesha
Nimekwenda dukani leo. Muuzaji hakukubali kurudisha pesa lakini amekubali arbuni ihamie kwenye 8x42, naongeza laki moja na elfu sabini. Ina naitrojeni, imeandikwa. Nimeijaribu kwa jicho la kulia tu nikiwa mlangoni, nimesoma namba ya daladala ya mbali. Pete ipo kulia kama ulivyosema. Nitampa tukiwa Misali, iwe ya kumshtua.

FundiLenzi
Mpe kabla. Mkono unajifunza pole pole: kukiona kitu kwa jicho tupu, halafu kuinua darubini bila kuhamisha macho. Akijifunzia botini, nyangumi watapita yeye anazungusha gurudumu.

Binti_Wesha
Nilitaka nione uso wake pale pale.

Mama_Tangawizi
Uso utauona nyumbani. Botini mwache aone yeye.

Kombo_Nahodha
Sikiliza, mnaondoka Wesha saa ngapi? Mkitoka saa moja asubuhi mnaelekea magharibi na jua liko mgongoni mpaka adhuhuri. Hizo ndizo saa za Mkondo. Baada ya hapo jua linawakalia usoni, kwa hiyo alasiri mwambie mtoto wa ammi yako akae upande wa nje wa Misali, mtazame kuelekea Pemba. Na mkiona pomboo azime injini, msiwafukuze. Darubini mnayo.

Binti_Wesha
Saa moja kamili. Namwambia leo, na baba nampa Ijumaa baada ya sala.