Kuwakumbuka nyota wa vichekesho vya Uingereza: nionyeshe sehemu zipi ndani ya saa tatu?

Pazia_Jekundu aliuliza:

Wakuu, salaam. Zipo saa tatu za kuonyesha vichekesho vya zamani vya televisheni ya Uingereza, lengo likiwa kuwakumbuka waigizaji waliokwisha kututoka. Watazamaji wanaelewa Kiingereza, lakini wengi wanachojua ni Mr Bean na Mind Your Language tu. Naomba msaada kwa haya.

Ni sehemu ipi ya kila tamthilia inayomwonyesha marehemu katika ubora wake, bila mtu kuhitaji kujua yaliyotangulia? Kwa nini watu wakiwa ndani ya nyumba picha ni laini, wakitoka tu nje inakuwa na chembechembe kama sinema? Kanda ni mbovu? Halafu Dad's Army, ile ya kikosi cha mgambo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, inahesabiwa sehemu 80 lakini mkusanyiko una 77, hizo tatu ziko wapi? Na kwenye Only Fools and Horses babu anatoweka, anatokea mzee mwenye ndevu nyeupe. Zifuatane vipi ili watazamaji wasipotee?

Mkanda_Mpana alijibu:

Kanda ni nzima, mkuu. Ndivyo zilivyotengenezwa. Vichekesho vya BBC vya miaka ya 1970 vilirekodiwa kwa njia mbili tofauti. Matukio ya nje yalipigwa kwanza kwa filamu ya milimita 16, fremu 25 kwa sekunde. Baadaye waigizaji walifanya mazoezi siku kadhaa, kisha jioni moja wakaigiza studioni mbele ya hadhira, kamera kadhaa za video zikiwaka kwa pamoja. Video ya Uingereza ilikuwa na mistari 625 na nusu-picha 50 kila sekunde, kwa hiyo mwendo wa mtu studioni unateleza kama matangazo ya moja kwa moja. Filamu ina nusu ya hatua hizo, tena ina chembe zake.

Vile vipande vya nje hadhira ilionyeshwa kwenye runinga za studio, pale hadithi ilipofikia, na kicheko chao kikanaswa hapo hapo. Mtu akitumbukia mtoni huko Norfolk, wanaocheka wamekaa studioni London.

Jambo hili lina uzito kwenye Dad's Army, maana ndipo unapoona namna James Beck alivyoondoka. Yeye ndiye Walker, yule mlanguzi wa kikosi. Aliugua ghafla katikati ya mwaka 1973 na kufariki Agosti mwaka huo, akiwa na miaka 44. Filamu za nje za msimu wa sita zilikuwa zimeshapigwa. Ndiyo maana katika Things That Go Bump in the Night utamwona nje pamoja na wenzake, lakini wakiingia ndani hayupo. Katika The Recruit, wanapojipanga mstari, nafasi yake ina karatasi tu, ujumbe kwamba amesafiri kikazi. Hawakumtafuta mtu mwingine wa kuigiza Walker. Ukiionyesha sehemu hiyo, waeleze watazamaji kabla haijaanza, la sivyo ile karatasi itawapita.

Sasa zile tatu. Ni za msimu wa pili, 1969, picha nyeusi na nyeupe: The Loneliness of Private Walker, A Stripe for Frazer na Under Fire. Kanda za wakati huo zilikuwa na upana wa inchi mbili, ghali sana, na zilifutika na kurekodiwa upya. Mikataba na chama cha waigizaji, Equity, iliweka mipaka ya marudio, na hapakuwa na soko la video za nyumbani. Sehemu ikishamaliza marudio yake, machoni pa ofisi ilikuwa kanda tupu inayongoja kazi nyingine. BBC ilibadili utaratibu huo mwishoni mwa miaka ya 1970. Msimu ule ulikuwa umepoteza sehemu tano kati ya sita. Mbili, Operation Kilt na The Battle of Godfrey's Cottage, zilirudi mwaka 2001 zikiwa kwenye filamu. A Stripe for Frazer ilibaki sauti peke yake, ikatengenezewa katuni mwaka 2016. Mwaka 2019 zote tatu ziliigizwa upya na waigizaji wengine kwa kufuata maandishi ya awali. Kwa kuwakumbuka marehemu, tumia ile ya katuni: sauti ni zao wenyewe.

Kuna jingine ambalo watu wa picha hulipenda. Room at the Bottom, sehemu nyingine ya Dad's Army, ilirekodiwa kwa rangi, lakini nakala iliyosalia ilikuwa filamu nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kwa kuielekeza kamera kwenye runinga. Bahati ni kwamba wimbi la rangi halikuchujwa wakati wa kunakili, likaacha nukta ndogondogo juu ya picha. Nukta zile zilisomwa kwa programu ya kompyuta, rangi ikarudi, na sehemu hiyo ikaonyeshwa tena Desemba 2008. Rangi yake inayumba kidogo pembezoni. Usihangaike kurekebisha runinga.

Mwalimu_Zamu alijibu:

Kuhusu babu na mzee mwenye ndevu. Lennard Pearce, aliyeigiza Grandad, alifariki Desemba 1984 wakati msimu wa nne wa Only Fools and Horses unaendelea kurekodiwa. Alikuwa tayari amepiga baadhi ya matukio ya Hole in One. John Sullivan, mtunzi, angeweza kumbadilisha mtu na kuendelea. Badala yake aliandika mazishi. Sehemu hiyo ni Strained Relations, ya Februari 1985, na humo ndimo anapoingia Uncle Albert wa Buster Merryfield, meneja wa benki aliyestaafu. Matukio ya Hole in One yakapigwa upya yeye akiwemo. Mpangilio sahihi ni Happy Returns, Strained Relations, kisha Hole in One. Lakini kwa saa tatu onyesha Strained Relations peke yake, inajitosheleza.

Itazameni pale makaburini. Del na Rodney, wajukuu wake, wanaiweka kofia ya babu ndani ya kaburi, watu kimya, udongo unaanza kuingia. Ndipo kasisi anauliza kama kuna mtu ameiona kofia yake. Wachache wanathubutu kuweka kichekesho kwenye mazishi ya mtu aliyekufa kweli wiki chache nyuma, na mazishi yasipoteze heshima. Kinachofanya kazi ni kwamba hakuna anayemcheka marehemu. Na baadaye Del anamweleza Rodney kwa nini yeye halii mbele za watu. Hapo kicheko kinakatika kabisa. Wamebaki wachache wa kundi lile: Merryfield alifariki 1999, Kenneth MacDonald mwenye baa 2001, Sullivan mwenyewe 2011, Roger Lloyd-Pack aliyekuwa Trigger 2014, John Challis aliyekuwa Boycie 2021.

Kwa Ronnie Barker na Richard Beckinsale chukua Porridge, sehemu ya A Night In, 1974. Karibu yote ni watu wawili ndani ya seli moja usiku: mfungwa mzoefu na kijana anayeanza kifungo. Hakuna kukimbizana, hakuna mlango wa kubamiza. Barker alikuwa nyota mkubwa, lakini tazama anavyompa Beckinsale nafasi: anasubiri, anageuza kichwa, anaacha kijana amalize. Beckinsale alifariki kwa moyo Machi 1979, umri miaka 31. Barker alifuata Oktoba 2005.

Ongeza kile kipande cha duka la vifaa kutoka The Two Ronnies, 1976. Ni dakika chache tu. Mteja anaomba kitu, muuzaji Ronnie Corbett anamletea mishumaa minne, four candles. Kumbe alitaka fork handles, mipini ya uma wa bustani. Kwa matamshi ya mteja yule, maneno hayo yanasikika sawasawa. Waeleze hilo mapema, kwa sababu asiyezoea lafudhi ya London ataona mtu anakasirika bila sababu. Barker alikiandika mwenyewe. Vipande vyake alivipeleka kwa jina la bandia, Gerald Wiley, ili vipimwe kama kazi ya mtu yeyote. Katika ibada ya kumkumbuka, Westminster Abbey, Machi 2006, msafara ulibeba mishumaa minne badala ya miwili. Corbett naye alifariki Machi 2016.

Dirisha_la_Nyuma alijibu:

Fawlty Towers, kichekesho cha hoteli ya Basil na mkewe Sybil, ni sehemu 12 tu, sita za 1975 na sita za 1979. Wengi watakwambia The Germans. Mimi nakushauri uiache. Humo Major, mzee anayeishi hotelini, anatamka matusi ya rangi kuhusu watu weusi na Wahindi, baadhi ya marudio yamekatwa na mengine hayajakatwa, nawe huwezi kujua una nakala ipi mpaka uitazame yote. Tena ndimo Andrew Sachs, aliyeigiza mhudumu Manuel, alimoumia kweli: koti lake la mhudumu lilipakwa kemikali ili lifuke moshi, zikapenya na kumuunguza ngozi.

Chukua Communication Problems. Joan Sanderson ni mgeni asiyesikia vizuri na asiyekubali kuwasha kifaa chake. Basil ameshinda fedha za farasi na hataki mkewe ajue. Amemkaririsha Manuel aseme kwamba hajui lolote. Unakuja wakati Basil anamhitaji Manuel aseme anachojua, na Manuel, kwa uaminifu wote, anashikilia kwamba hajui lolote. Sachs alizaliwa Berlin na familia yake ikawakimbia Wanazi mwaka 1938. Kiingereza kilichovunjika cha Manuel alikijenga silabi kwa silabi. Alifariki Novemba 2016. Prunella Scales, aliyekuwa Sybil, alitutoka Oktoba 2025, mwezi uleule aliofariki Patricia Routledge wa Keeping Up Appearances.

Kwa Tony Hancock onyesha The Blood Donor, 1961, dakika 25. Hancock alikuwa amepata ajali ya gari siku chache kabla na hakuweza kukariri, kwa hiyo alisoma maneno yaliyowekwa pembeni ya kamera. Ukijua hilo utaona macho yake yanapita juu ya bega la mwenzake. Bado muda wake wa kuchekesha haukosei. Muuguzi pale mapokezi ni June Whitfield, aliyefariki Desemba 2018.

Mind Your Language ni ya LWT, kituo cha televisheni cha kibiashara cha London, si ya BBC. Barry Evans, aliyekuwa mwalimu, alifariki Februari 1997. Sehemu yoyote ya msimu wa kwanza inatosha, ila kila mwanafunzi pale amejengwa juu ya sifa moja ya taifa lake, na hilo linachosha ukiiweka baada ya Porridge. Kama unaiweka, iweke mwanzo.

Pazia_Jekundu aliandika:

Asanteni sana wakuu. Nimejumlisha: The Blood Donor 25, A Night In 30, Strained Relations 30, Communication Problems 30, duka la vifaa 5, na Dad's Army mbili, The Deadly Attachment na Never Too Old, 60. Jumla dakika 180, hakuna mapumziko hata kidogo. Niondoe ipi? Na runinga inazinenepesha sura za watu.

Mkanda_Mpana alijibu:

Sura kunenepa: picha za wakati ule ni nne kwa tatu, runinga yako ni kumi na sita kwa tisa, nayo imewekwa kujaza kioo. Chagua nne kwa tatu, ukubali mistari myeusi kushoto na kulia. Usitumie kukuza pia. Inakata juu na chini, na Arthur Lowe, kapteni wa kikosi cha Dad's Army, anapoteza ile kofia inayomshukia kwenye miwani. Ukicheza kupitia kompyuta, washa uunganishaji wa nusu-picha unaotoa fremu 50, si 25, ama sivyo ile tofauti ya ndani na nje uliyoiuliza inafifia na studio yote inaanza kukwaruza. Sauti ni ya mkondo mmoja: zima mapambo yote ya spika, kwa sababu yanapandisha kicheko na kuyazamisha maneno. Weka manukuu chini ya picha.

Ya kuondoa ni The Deadly Attachment. Najua ni maarufu kuliko zote, ina ule utani wa kapteni wa nyambizi ya Kijerumani na orodha yake ya majina ya wanaomkera, na Philip Madoc anaigiza kapteni huyo kwa utulivu wa kutisha. Lakini ni usiku wa Lowe na Madoc. Wengine wamesimama nyuma. Never Too Old, ya Novemba 1977, inampa kila mmoja nafasi. Jones mwenye bucha anaoa. Clive Dunn alikuwa na miaka 48 tu alipoanza kumwigiza mzee yule. Wazee wa kweli walikuwa Arnold Ridley na John Laurie, na wote wawili walipigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Ridley alijeruhiwa kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa. Mwishoni wanageukia kamera na kuinua vikombe kwa heshima ya mgambo wa Uingereza. Laurie alifariki 1980, Lowe 1982, John Le Mesurier 1983, Ridley 1984, Dunn 2012, na Ian Lavender, yule kijana Pike, Februari 2024. Hakuna aliyebaki kati ya waliosimama pale.

Hiyo inakupa nusu saa. Pumzika dakika 20 baada ya Strained Relations, si kabla yake, na dakika 10 zitumie kwa maelezo ya four candles na kofia ya kasisi. Kofia usiieleze yote.